Rangi ya kioo inabanduka: je, nipake vanishi?

Swali: Nilichora maua kwenye dirisha la bafu kwa rangi za kioo zinazochanganywa na maji, nikayazungushia mistari myeusi ili yafanane na vioo vya rangi vya makanisani. Miezi miwili haijaisha, rangi imeanza kubanduka kutoka pembeni, vipande vizima. Nimeambiwa nipake vanishi juu yake. Ipi inafaa?

Jibu: Hakuna inayofaa. Swali hili huletwa kwangu karibu kila wiki, na kila mara aliyeuliza ameshauriwa kupaka kitu juu, ilhali rangi imeachia chini. Rangi inayotoka nzima kama ganda la kitunguu haijachakaa, bali haikushika tangu siku ya kwanza. Mbao hunyonya rangi, kioo hakinyonyi chochote, kwa hiyo utando wowote wa mafuta ya vidole au wa sabuni unatosha kuitenga rangi na kioo, na vanishi haiwezi kupenya kwenda kuuondoa.

Usidanganywe na mng'ao. Kipumulie kioo: kikiwa safi, ukungu hutanda sawasawa, kikiwa na mafuta, alama za vidole hujitokeza papo hapo.

Bandua kazi yote kwa wembe ulioulaza, kioo kikiwa kimelowa maji. Kioshe, kisuuze vizuri, kifute kwa spiriti, kisha usikiguse tena kwa vidole. Rangi nyingi za aina yako hukauka juu kwa saa chache, lakini huhitaji takriban wiki 3 kukomaa, na muda huo wote hazitakiwi kupata mvuke, jambo lisilowezekana bafuni. Ni afadhali uchore kwenye kioo kingine ukiwa umekilaza mezani, usubiri kikomae, ndipo ukiegemeze dirishani.

Kinachonichosha zaidi ni wale wanaofundisha kuchanganya gundi nyeupe na rangi ya chakula, kisha wakapiga picha siku ileile. Gundi hiyo hulainika ikipata maji, na rangi ya chakula hupauka juani. Waonyeshe dirisha walilolichora mwaka jana. Katika vioo vya makanisani rangi kuu imo ndani ya kioo chenyewe, kwa mfano buluu inayotokana na kobalti iliyoyeyushwa pamoja nacho, na michoro ya juu huchomwa kwenye tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi. Uimara huo hauuzwi kwenye kopo la vanishi.

Wapo pia wanaosema kwamba kikausha nywele "huoka" rangi. Rangi za kuokwa huhitaji oveni yenye nyuzi 150 hivi kwa zaidi ya nusu saa. Kioo huingizwa oveni ikiwa baridi na huachwa kipoe humohumo. Dirisha lililokwisha kufungwa kwenye fremu haliokwi, na ukilielekezea hewa ya moto mahali pamoja, kioo kinaweza kupasuka.