Mbwa wa kufukuza nguruwe shambani: tafuta anayeitika, ukali achana nao

Mkuu uliyeko Kiwangwa, Bagamoyo, nimesoma swali lako na majibu uliyopewa. Umeuliza ununue chotara wa mbwa wa polisi kutoka Dar au uchukue wa kienyeji, umfundisheje kufukuza nguruwe wanaokumalizia mihogo, na umjibu nini baba mkwe anayesema mbwa hakai kwenye nyumba ya Mwislamu. Mimi nipo Pangani, shamba langu haliko mbali na hifadhi ya Saadani, na mbwa wa shamba tumewakuta kwa wazee wetu. Jibu ni refu, vuta kiti.

Wengi hapa wamekwambia utafute mbwa mkali. Sikubaliani nao hata kidogo. Mbwa wa kuwinda kwanza muulize hivi: nikikuita ukiwa katikati ya mbio, unarudi? Asiyerudi atapotelea porini, ataingia hifadhini, au atakuja na mbuzi wa jirani mdomoni na wewe uitwe kwa mwenyekiti wa kitongoji ukalipe. Ukali hata mbwa koko wa sokoni anao.

Na mfikirie huyo nguruwe mwenyewe. Dume la nguruwe pori linafika kilo 100, na meno yake ya chini yanajinoa kwenye yale ya juu kila anapofunga mdomo. Mbwa anayemrukia na kumng'ang'ania anapasuliwa tumbo mara moja. Jike lenye watoto ndiyo balaa zaidi, halikimbii. Unachotaka ni mbwa anayemzunguka, anabweka kwa mbali kidogo, nguruwe akigeuka anaruka pembeni, akiondoka anamfuata nyuma, ukipiga mluzi anaachia. Kundi likishasumbuliwa hivyo usiku kadhaa linahamia kwa mtu mwingine. Samahani kwa huyo mtu mwingine.

Sasa chotara wa mbwa wa polisi. Ni mbwa mwerevu, sibishi, na kwa kulinda geti la mjini anafaa sana. Ila yule ana manyoya mazito, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Mpeleke kwenye kichaka cha Bagamoyo mwezi wa pili saa nne asubuhi uone. Tena mwili wake mzito humpa moyo wa kukamata. Wa kienyeji ni mwepesi, manyoya mafupi, anakula kidogo, na amezaliwa na wazazi waliopona kupe na njaa. Hata Rhodesian Ridgeback, mbwa anayesifiwa duniani kwa kuwinda simba, ndani yake kuna damu ya mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Wazungu walijua cha kuchukua.

Kwa hiyo chukua wa kienyeji, lakini usiokote tu. Nenda kwa mtu mwenye mbwa wanaofanya kazi, uombe kwenda nao shambani alfajiri. Mwangalie mama zaidi ya baba, kwa sababu watoto wanashinda naye na wanaiga woga wake na utulivu wake. Je, anamrudia mwenyewe kila baada ya muda, au akifunguliwa ndiyo kwaheri? Anapita katikati ya kuku bila kuwashughulikia? Rangi usiulize kabisa. Kuna watu wanatafuta mweusi mtupu, ati ndiye mkali, hayo ni ya kupoteza muda.

Ukitaka kuzalisha mwenyewe, jike asipandwe kwenye joto lake la kwanza, mwache afike mwaka mmoja na nusu au miwili akomae mifupa. Akianza kutoa damu hesabu siku. Kwa kawaida hukubali dume kati ya siku ya 9 na ya 14, lakini mfungie ndani wiki tatu zote. Hapa ndipo wengi wanapoteza uzao: wanampandisha kwa dume zuri, jioni wanamfungua, anakutana na madume ya mtaa. Mimba moja ya mbwa inaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, hivyo unaweza kupata watoto sita, wawili wa mbwa uliyemchagua na wanne wa mbwa wa buchani.

Dume nalo likague sehemu za siri kabla. Kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, unatoka damu matone matone, na huku kwetu mbwa wanaozurura wanao sana. Daktari wa mifugo anautibu kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, kwa wiki kadhaa na mara nyingi mbwa anapona kabisa. Ila asipande wala kupandwa mpaka apone. Na usimpandishe dada kwa kaka kwa sababu tu wote ni hodari.

Mimba ni kama siku 63. Macho yanafunguka baada ya wiki mbili hivi. Kipindi cha dhahabu ni kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12: chochote atakachokizoea hapo hatakiogopa ukubwani. Basi waonyeshe watoto, mbuzi, kuku, pikipiki, mtu mwenye jembe, mtu mwenye kanzu. Gonga sufuria kwa mbali wakiwa wanakula, kila siku sogea kidogo, ili siku mkipiga madebe shambani asikimbilie uvunguni. Usimtoe kwa mama kabla ya wiki ya 8. Najua watu wanagawa wa wiki ya 5 kwa kuwa wameanza kula ugali, na ndio wanaokuja kuwa waoga au wang'ataji.

Jina lake liwe fupi. Najua raha ya kumwita mbwa Watasema ili jirani asikie, lakini usiku kwenye mihogo unataka jina la silabi mbili linalotoka mdomoni haraka. Mluzi ni bora kuliko yote.

Mafunzo yanaanza na chakula. Kila unapompa, piga mluzi uleule. Baada ya muda piga akiwa mbali, akija mpe kichwa cha samaki au kipande cha dona. Kisha mfunge kamba ndefu ya mita kumi hivi, mwache aburute, mwite akiwa amenogewa na jambo lingine, akipuuza vuta taratibu mpaka kwako, umsifu kana kwamba amekuja kwa hiari. Na sheria moja usiivunje: usimwite ukampiga. Akifanya kosa mfuate wewe alipo. Mbwa aliyeitwa akachapwa anajifunza kwamba kurudi kuna fimbo, na hapo umeshamharibu.

Harufu utamfundisha akifika miezi minne hivi. Tafuta pale nguruwe walipogaagaa kwenye tope, paka tope hilo kwenye gunia, liburute kwenye nyasi hatua chache, mwishoni ficha chakula. Ukiona anashusha pua na kufuata, ongeza umbali, weka kona, mwache saa moja ipite kabla hujamfungulia. Mbuzi afungwe karibu na njia hiyo makusudi. Akimtazama mbuzi, neno la kukataza. Akirudi kwenye harufu, sifa. Kwenye nguruwe wa kweli asiende kabla ya miezi kumi mpaka mwaka, na aende na mbwa mkubwa anayejua kazi. Huyo mkubwa atamfundisha mambo ambayo mimi na wewe hatuwezi. Mbwa watatu au wanne wanatosha. Madume mawili yanayogombea ukubwa usiyachanganye, yatapigana wao kwa wao nguruwe wakiangalia.

Kuhusu baba mkwe, kwanza usimbishie kwa sauti, ni mzee wako. Mwambie kwa adabu kwamba hadithi za Mtume zinazokataza kufuga mbwa zenyewe zimemtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha hata alichokamata mnyama wa kuwinda aliyefundishwa, likitajwa jina la Mwenyezi Mungu. Na wanazuoni wetu wa Shafi walipoeleza nani hasa amefundishwa wakaweka masharti: ukimtuma aende, ukimzuia azuilike, akikamata asile, na arudierudie hivyo mpaka ijulikane ni tabia yake. Soma tena masharti hayo halafu linganisha na walichokushauri kuhusu ukali. Nguruwe haliwi, hilo halina mjadala, wewe unalinda mazao. Najisi ipo: banda liwe mbali na nyumba na mahali pa kuswalia, chombo chake kisichanganywe na vya jikoni, na kikilambwa cha kwenu kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee akiona mpangilio huo mara nyingi analegea.

Magonjwa. Huku karibu na Saadani adui mkubwa ni mbung'o. Mbwa anapata ndorobo kama ng'ombe: homa, anakonda, ufizi unapauka, na mara nyingi jicho linaingia ukungu mweupe. Ukiona jicho la namna hiyo usingoje, hao hufa haraka. Na tafadhali usimdunge kwa kukisia dawa ya ndorobo ya ng'ombe, kwa mbwa kipimo kikizidi kidogo inampiga kwenye ubongo. Apimwe damu, apimwe uzito, daktari ndiye apige hesabu. Kupe watoe kila mnapotoka porini, masikioni na katikati ya vidole.

Chanjo ya kichaa ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ya pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8 na hurudiwa mpaka wiki ya 16. Hii distempa si ya mbwa peke yake: mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa kuipeleka. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Asipelekwe kwanza kwa mganga.

Sheria nayo uiheshimu. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, mbwa wako haruhusiwi kukanyaga humo, hata kama anamfuata nguruwe aliyekula mihogo yako. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda na haikuachii uchague njia utakavyo. Kumfukuza nguruwe kwenye shamba lako ni jambo moja. Kumfuata porini na mbwa na mikuki ni jingine, usilifanye kabla ya kuongea na ofisa wanyamapori wa wilaya. Nenda ukiwa na barua ya serikali ya kijiji, hao maofisa wanasikiliza zaidi malalamiko yaliyoandikwa.

Mwisho, piga hesabu ya muda. Ukichukua mtoto wa mbwa leo, atakuwa na kazi ya kueleweka baada ya mwaka. Kwa mihogo iliyopo sasa hatakusaidia, hivyo jenga dungu, washa moto upande unaoelekea porini, na mpeane zamu za kulala na majirani. Kama una haraka, omba kuazima mbwa mmoja mzoefu kwa mtu wa karibu, lakini mwenyewe aje naye usiku wa kwanza na wa pili, maana mluzi wako bado hauujui.