Simamisha Kabla Galileo Hajajibu

Juzi usiku, nimeshakoga nataka kulala, simu ikalia. Ujumbe wa mwalimu kijana, mwanamke, yuko Pemba, mwaka wake wa kwanza kazini. "Asalaam alaykum Maalim. Nimevipata vile vipindi vya fizikia ulivyowahi kuvitaja, vyote 52. Skuli yetu imepewa projekta. Nataka kuwaonesha Kidato cha Tatu muhula ujao, kimoja kila wiki. Unanishauri nini?"

Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Kimoja kila wiki! Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga mimi mwenyewe miaka ile. Vipindi 52, wiki 52, nikaona kama nimeandikiwa. Kwamba skuli haina wiki 52 za kusoma, kuna Ramadhani, kuna mitihani, kuna masika darasa linavuja, hayo sikuyatia hesabuni. Na mwalimu wa fizikia ndiye huyo.

Kwa msiovijua, ni mfululizo wa televisheni uitwao The Mechanical Universe, uliotengenezwa na chuo cha Caltech, California, miaka ya 1980. Profesa David Goodstein anaanza kwa mhadhara wa dakika chache ukumbini, halafu unachukuliwa: mara uko kwa wanasayansi wa zamani, Galileo na Kepler, waigizaji na nguo zao za kale, mara uko kwenye michoro ya kompyuta ya Jim Blinn, yule yule aliyetengeneza michoro ya safari za Voyager, vile vyombo vya anga vilivyopelekwa kwenye sayari za mbali. Nusu saa kwa kipindi. Sisi tuliosoma fizikia kwa kukariri tunaelewana: mara ya kwanza nilipoona herufi za mlinganyo zinaruka kutoka upande huu wa alama ya sawasawa kwenda upande wa pili, zinakatana, zinapotea, nilirudisha nyuma mara tatu. Miaka yote niliyoiandika hesabu ile ubaoni sikuwahi kuiona inatembea.

Basi nikaamua. Projekta ya skuli ilikuwa ndani ya kabati la mwalimu mkuu, bado na nailoni yake. Nikaiomba, nikapewa. Madirisha tukayaziba kwa majamvi. Watoto 61 ndani ya chumba kimoja, nikawasha kipindi cha pili, kanuni ya vitu vinavyoanguka, mwanzo mpaka mwisho, mimi nimekaa nyuma kama bwana harusi.

Dakika kumi za kwanza kimya. Halafu akatokea mzee wa Kizungu na nywele zake, wakacheka. Halafu joto. Halafu Kiingereza cha Kimarekani, kinakwenda kama daladala ya mwisho ya Bububu. Safu za nyuma wakaegemeana. Taa ilipowaka nikauliza swali moja tu: dafu na kitale vikianguka pamoja kutoka kwenye mnazi, kipi kitafika chini mwanzo?

"Dafu, Maalim!" Darasa zima, kwa sauti moja.

Walikuwa wametoka kuoneshwa jibu dakika chache nyuma. Na mimi badala ya kusimama nikajiuliza, nikaendelea hivyo hivyo wiki tano nyengine. Nitasema kweli kwa nini: sikutaka mtu aseme Maalim kashindwa na mashine yake.

Wiki ya sita akaja mkaguzi. Aliyoyaandika naweza kuyasoma kwa moyo mpaka leo: "Mwalimu anaonesha filamu badala ya kufundisha." Angeandika akaondoka ningevumilia. Aliyasoma kwa sauti katika chumba cha walimu, na mwenzangu mmoja akauliza kama wiki ijayo kuna picha ya Kihindi. Kuanzia siku ile nikawa Maalim Sinema. Watoto nao wakalipata jina. Jina la namna hiyo halifutiki, nimehama skuli mbili na bado nakutana nalo Darajani. Yule bwana alikuwa na haki ya kuniambia nimekosea, lakini hakujua nimekosea wapi, na hakuuliza. Ninamuombea kheri, kwa mbali.

Projekta ikarudi kabatini. Muhula uliofuata nikawa naangalia vipindi nyumbani, usiku, kwenye kompyuta yangu, daftari mkononi. Na hapa ndipo mambo yalipobadilika. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu katika kila kipindi: swali ambalo watu wale walijiuliza kabla ya kupata jibu. Asubuhi naingia darasani na lile swali, na vifaa vya kuokoteza.

Swali la Galileo: kitu kinachoteremka, kila muda unapopita, kinaongeza umbali kwa utaratibu gani? Nikachukua bomba la plastiki la mita mbili lililopasuliwa kwa urefu, nikaliinua upande mmoja kidogo, na gololi. Saa za simu hazikufaa, kila mtoto anapata lake. Kulikuwa na kijana mmoja anapiga dufu kwenye maulidi, mkono wake ni saa. Nikamwambia apige meza kwa kipimo kimoja, asiharakishe. Wanne wakakaa na chaki, kila mmoja na pigo lake, kazi yake kutia alama pale gololi ilipo pigo lake linapolia. Tulirudia mara nyingi mno mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuangalia kuna ngoma gani. Mwisho tukapima kila kipande, kutoka alama hadi alama: sentimita 11, kisha 29, kisha 52, kisha 68.

Nikakaa kimya. Kukaa kimya kuligharimu, maana ulimi ulikuwa unaniwasha. Kama dakika mbili hivi. Binti mmoja wa mbele akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe: "Kumi, thalathini, khamsini, sabiini. Moja, tatu, tano, saba. Maalim, zote witiri!"

Wallahi nilitaka kulia. Witiri ndiyo. Na ukizijumlisha unapata 1, 4, 9, 16, yaani umbali unafuata mraba wa muda, jambo ambalo nilikuwa nimeliandika ubaoni miaka na miaka bila mtu kunyanyua kichwa. Safari hii walilipata wao, kwa mkono wa mpiga dufu.

Wiki ileile tukamwita mkwezi. Mnazi wa nyuma ya skuli, tuliteremsha kamba tukaupima, mita 15. Kabla hajaachia tukapiga kura (kura, si kamari, nililisisitiza hilo kwa sababu ya mwalimu wa dini aliyekuwa amesimama kivulini). Dafu lilipata kura 48. Vikaachiwa pamoja, mshindo ukawa mmoja, au karibu na mmoja, maana hewa nayo ina lake. Darasa likapiga kelele kama limefungwa bao. Halafu kimya kimya wakapiga hesabu: sekunde 1.75 hivi, na dafu linafika chini na mwendo wa kilomita 62 kwa saa. Tangu siku ile hakuna anayekaa chini ya mnazi ule.

Mwalimu mkuu mpya alipokuja akanirudishia projekta bila kuombwa. Sikuitumia tena kama zamani. Kipindi cha nane, kile cha tofaa na mwezi, nilionesha dakika sita. Sauti nimezima, nasimulia mimi kwa Kiswahili. Linapofika swali nasimamisha. Tofaa linaanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza, mwezi uko mbali mara 60 kuliko tofaa ukipima kutoka katikati ya dunia: je, mwezi unaanguka kiasi gani katika sekunde hiyo? Picha imeganda ukutani, watoto wanakokotoa. Mvuto unapungua kwa mraba wa umbali, basi gawanya kwa 60, kisha gawanya tena kwa 60: milimita moja na kitu. Ndipo nikabonyeza, na Newton akajibu walichokwisha kujibu wao. Mtoto wa mvuvi akasimama akaniuliza mbona bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, inakuja mwezi mwandamo na inakuja tena mwezi mpevu, wakati mpevu jua na mwezi wako pande mbili tofauti. Nilimwambia nitajibu kesho. Usiku nikajisomea: mwezi unavuta maji ya upande wa karibu kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na dunia kuliko maji ya upande wa mbali, kwa hiyo maji yanajaa pande zote mbili, na jua linafanya vivyo hivyo. Wakiwa kwenye mstari mmoja, upande wowote, yanajumlishana. Swali lile halikuwemo ndani ya kipindi. Limetoka ufukweni.

Kwa hiyo, ukhti, ushauri wangu: simamisha. Onesha kidogo, kisha simamisha. Zima sauti, sema wewe, na uwe na kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Usidhani ni mimi tu, hata waliovitengeneza walikuja kutoa toleo fupi kwa ajili ya sekondari. Profesa wa televisheni hawezi kusubiri, akiuliza anajibu mwenyewe. Wewe unaweza kusubiri.

Na niseme jengine, mnisamehe. Walimu wenzangu tumezidi kulia. Hatuna maabara, hatuna umeme, hatuna hiki. Sawa, na ni kweli, na serikali isikie. Lakini kisiwa hiki kilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, zaidi ya miaka 20 kabla ya Bara kuwa na televisheni yake, na kuwa na kioo mbele ya watu hakukutufanya mafundi wa vioo. Anayengoja projekta ndipo afundishe, siku ikija atawasha, atakaa nyuma kama bwana harusi. Nimekwisha kukaa kiti hicho. Acheni kutafuta kifaa, tafuteni swali. Tafuteni swali, halafu nyamazeni.

Yule ukhti nimemjibu usiku uleule. Nimemwambia achague kipindi kimoja, akate dakika sita, na kabla ya yote aulize darasani kwake nani anapiga dufu. Akarudisha haraka: "Na vile 51 vilivyobaki Maalim?" Nikamwandikia avitazame mwenyewe, usiku, na daftari, vyote.

Tiki mbili za buluu naziona. Jawabu mpaka sasa sijapata.