Kahawa ya Kituruki: povu hupotelea wapi

Ukiona mkebe umeandikwa "kahawa ya Kituruki", usidhani ndani mna buni ya aina yake. Buni iliwafikia Waothmani, watawala wa Uturuki wa enzi hizo, kutoka Yemen na Ethiopia katika karne ya 16, na siku hizi nyingi inayonywewa Istanbul hutoka Brazil. Kinachoifanya iwe ya Kituruki ni usagaji na upishi, na huo ndio utamaduni ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake mwaka 2013. Arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa wastani inafaa kabisa.

Inafaa ikisagwa sawasawa. Ukiifikicha kati ya vidole iwe laini kama unga wa ngano, bila chembe. Kahawa iliyosagwa kwa ajili ya mashine ya espreso ina chenga. Itazama upesi na povu litakuwa hafifu. Blenda nayo husaga nusu unga, nusu chenga, basi ipitishe kwenye chekecheo la matundu madogo. Kahawa iliyokaa wazi wiki kadhaa haitoi povu hata uibembeleze, maana gesi iliyokuwa ndani yake imeshatoka.

Chombo chake ni cezve (hutamkwa "jezve"), kisufuria chenye mpini mrefu, kitako kipana na shingo nyembamba. Shingo hiyo ndiyo inayokusanya povu, hivyo nunua kinacholingana na idadi ya vikombe: cha vikombe vinne ukikipikia kimoja, povu litatawanyika. Kikiwa cha shaba, chungulia ndani. Kinatakiwa kiwe kimepakwa bati jeupe. Wekundu wa shaba ukianza kuonekana, kipeleke kikapakwe upya kabla ya kukitumia tena. Wala usikiweke motoni kikiwa kitupu, kwa kuwa bati huyeyuka kwa nyuzi 232 tu.

Maji pima kwa kikombe chenyewe cha kunywea, takriban mililita 70, yawe baridi. Kila kikombe kitilie gramu 7 za kahawa, yaani vijiko viwili vya chai vilivyojaa. Sukari huingia sasa hivi au haiingii kabisa, kwani kuikoroga kikombeni huvunja povu na kuibua mashapo. Ndiyo maana mwenyeji humuuliza mgeni mapema: sade (bila sukari), az şekerli (nusu kijiko), orta (kimoja) au çok şekerli (viwili).

Koroga mpaka mabonge yaishe, kisha toa kijiko na usikirudishe. Moto uwe mdogo, kahawa ichukue dakika tatu hadi nne. Mkaa uliofunikwa majivu ni bora kuliko gesi. Povu jeusi litaanza pembeni, litajifunga taratibu kuelekea katikati, halafu litapanda. Epua kabla halijafika ukingoni, ligawe kwa kijiko kwenye vikombe, rudisha cezve motoni hadi ipande tena kidogo, kisha mimina polepole kupitia ubavu wa kikombe. Mapovu makubwa yakianza kupasuka katikati, kahawa imechemka: povu limekwisha, halirudi, na uchungu umeingia.

Kosa kubwa kuliko yote ni haraka. Moto mkali, au maji yaliyokwisha kuchemshwa, hupandisha povu kabla kahawa haijaiva. Utapata unga unaoelea na ladha mbichi, kisha utailaumu buni bure.

Iandae pamoja na glasi ya maji, ambayo hunywewa kwanza kusafisha kinywa, na kipande cha lokum, tamutamu laini ya Kituruki. Kashata pia inakwenda nayo vizuri, ila tangawizi iachie kahawa ya dele. Subiri dakika moja au mbili mashapo yatulie, na ukiyahisi mdomoni, acha. Katika nyumba za kale za Safranbolu, mji wa Uturuki, kuna kabati la kuzunguka ukutani, lililowawezesha wanawake kupitisha vyakula na vinywaji upande wa wageni wa kiume bila kuonekana; kahawa ya kuchemka ingefika huko imeshaaibisha jiko zima.

Ukimaliza, osha cezve kwa maji ya uvuguvugu na sifongo laini, uikaushe hapo hapo. Stilwaya usiiguse, itakwangua bati lote.