Maswali na Majibu: Kuingia na Mtoto Maktaba ya Chuo

Safari hii maswali yametoka kwa wazazi wanaosoma na walimu wa Mbeya na Iringa.

Shikamoo. Nasoma mwaka wa pili hapa Mbeya, nina mtoto wa miezi 7 na dada wa kazi ameondoka. Naweza kuingia naye maktaba?

Marahaba, mama. Kila chuo kina kanuni zake, na nyingine hazitaji watoto kabisa. Zikinyamaza, mtu wa kumwomba ni mkutubi wa zamu, si mlinzi wa mlangoni. Pita siku moja kabla umweleze unachohitaji.

Kama ni kuazima tu, dakika 15 zinatosha. Tafuta kitabu kwenye katalogi ya mtandaoni ukiwa nyumbani, andika namba yake ya rafu, ingia, chukua, pita kaunta, ondoka. Kazi ipo kwenye spesho rizevu, vile vitabu vinavyosomewa humo humo kwa saa chache. Hapo omba kutoa kopi ya kurasa unazohitaji, si kitabu kizima, maana hakimiliki hairuhusu. Makala za majarida usizifuate maktaba: uliza kama chuo kina nywila ya kuzisomea nje, uzisome nyumbani mtoto akiwa amelala.

Ukilazimika kukaa, chagua meza iliyo karibu na mlango, mbali na chumba cha kimya. Mwache mgongoni kwenye mbeleko. Akiwekwa mezani atataka kila karatasi. Juni na Julai mwongezee sweta na soksi, kwa sababu vyumba vya kusomea huku ni baridi na mtoto mwenye baridi halali. Akianza kulia, inuka utoke papo hapo. Wengi hukosea kwa kumbembeleza kwanza palepale, na dakika 3 za kilio zinatosha kuchosha chumba kizima. Kwa maoni yetu, mtoto aliyelala mgongoni hasumbui kama mwanachuo anayepokea simu katikati ya rafu.

Wanangu wana miaka 6 na 9. Naweza kuwaacha wanasoma humo nikiingia kwenye kipindi?

Hapana, kaka. Mkutubi si mlezi, na jengo halikujengwa kwa ajili yao. Tazama reli za ngazi: nafasi ikizidi sentimita 10, mtoto mdogo anaweza kupenya. Hatari zaidi ni rafu za kusogeza, zile zenye usukani pembeni. Anayezungusha amesimama nje ya rafu; mtoto akiwa amechuchumaa ndani, haonekani mpaka vidole vibanwe. Wapeleke maktaba ya mkoa, ambayo huhudumia watoto pia, lakini hata huko awepo mtu mzima wa kuwaangalia.

Mimi ni mwalimu Iringa. Nataka kuleta darasa la sita, wanafunzi 45.

Karibu, mwalimu. Barua ya mkuu wa shule ifike wiki 2 kabla, na usichague wiki za mitihani ya chuo. Wagawe makundi ya watoto 10 hadi 12, kila kundi na mtu mzima wake, dakika 40 kila moja. Wanaosubiri wakae nje na kazi ya kufanya. Mabegi na chakula vibaki kwenye gari.

Usiwatembeze tu. Wape namba wazitafute. Maktaba ikitumia mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, chai ni 633.72 na kahawa 633.73. Mtoto anayepita mashamba ya chai Mufindi akigundua kwamba chai ina namba yake, ameelewa rafu kuliko kwa hotuba ya nusu saa. Kosa la kawaida ni kusoma .8 kama ndogo kuliko .72 kwa sababu 8 ni ndogo kuliko 72. Wafundishe desimali shuleni kwanza. Vyuo vingine hupanga kwa herufi, ambapo kilimo kiko chini ya S, basi uliza mapema.

Mtoto amemwagia juisi kitabu cha maktaba. Nikianike juani?

Usikianike, jua hukunja kurasa na jalada. Futa juisi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana sukari ikibaki huita wadudu. Kisha weka karatasi nyeupe za kunyonya maji kila baada ya kurasa 10 hivi, uzibadilishe zikilowa. Kurasa zikiwa za kung'aa, weka karatasi kati ya kila ukurasa zikiwa bado mbichi. Zikikauka zimegusana haziachani tena. Unyevu ukipungua, simamisha kitabu kikiwa wazi penye upepo. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48, kwa hiyo msimu wa mvua usikilaze kwenye begi. Usibandike selotepu. Kipeleke kaunta useme kilichotokea, kabla mwingine hajakiazima.

Mwanangu wa kidato cha nne anaweza kuazima kwa kitambulisho changu?

Kitabu unakiazima wewe, na kikipotea unalipa wewe. Ila kitambulisho usimpe mkononi. Kikikamatwa kwa mtu mwingine, unaweza kufungiwa huduma.