Kijibwa Ananikojolea Mkeka

SWALI

Daktari, shikamoo. Naishi Muyeye, hapa Malindi. Kwa miaka sita nilifanya kazi ya nyumbani kwa Mtaliano mmoja. Mwezi huu alirudi kwao moja kwa moja, akaniachia kijibwa chake wa kike, Stella, wa miaka miwili, kilo nne hivi, pamoja na daftari lake la chanjo. Kule alikuwa msafi kabisa. Kwangu, leo ni usiku wa tano, anakojoa kwenye mkeka wa ukindu wanaolalia watoto, kisha anajificha chini ya kitanda akitetemeka. Mume wangu asema achapwe na asuguliwe pua papo hapo. Tena ana kupe masikioni, na mtu ametushauri tumwogeshe kwa dawa ya ng'ombe. Majirani zangu ukuta kwa ukuta ni Waislamu, na sitaki kuwakosea. Nifanyeje?

— Msomaji, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na dawa ya ng'ombe, maana hiyo haingoji. Usimwogeshe nayo hata tone.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwekewa mikononi na mama mmoja kijibwa wa ukubwa wa Stella, masikio yamejaa kupe. Dawa ile hupimwa kwa uangalifu na kuchanganywa na maji mengi. Mimi nikaikadiria kwa kizibo, kwenye ndoo ya jikoni. Haikupita saa moja, miguu ya nyuma ikalegea, ute ukamtoka, na nilipomshika tumboni alikuwa baridi. Alikufa kabla ya magharibi, amefungwa leso ya mwenyewe. Mama yule alinishukuru kwa kujaribu. Tangu siku hiyo simpi mbwa dawa kabla hajapimwa uzito.

Wewe wang'oe kupe kwa kibano: mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kuzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Usiwaminye kwa vidole. Kisha ununue dawa ya kupe ya mbwa, ya uzito wake. Kumpima ni rahisi: panda mizani ukiwa umempakata, upande tena peke yako, utoe. Ukiona fizi zimekuwa nyeupe, hataki kula, au mkojo una rangi ya chai nzito, kimbia naye kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana kupe huacha homa mwilini hata baada ya kung'olewa.

Sasa fungua lile daftari utazame tarehe ya mwisho ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ikiwa mwaka umepita, achanjwe wiki hii. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya watu vya ugonjwa huu ifikapo 2030, na nguzo yake ni mbwa kama huyu kuchanjwa kila mwaka. Akimtia mtoto jino, hata mkwaruzo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali moja kwa moja. Dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo waambie watoto wasimvute kutoka chini ya kitanda. Mbwa mwenye hofu aliyezibiwa njia ndiye anayeuma.

Mpe pia dawa ya minyoo, na mavi yake uyaokote kila siku. Mchanga wetu una joto na unyevu, na watoto hutembea pekupeku. Minyoo ya mbwa hupenya ngozi ya nyayo na kuacha mistari inayowasha usiku kucha. Chakula: asipewe mchuzi wenye kitunguu maji au kitunguu saumu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

Majirani umewafikiria vyema. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi hapa pwani, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Basi Stella awe na bakuli lake na ndoo yake, asisogezwe karibu na mitungi wala bomba la wote. Uchochoroni apite kwa kamba, hasa saa za watu kwenda kuswali, maana akimlamba mtu nguo itabidi arudi nyumbani kubadilisha. Nenda ukawaambie wewe mwenyewe, kabla hawajakuuliza.

Nimebaki na mkeka. Kule kwa Mtaliano, nadhani palikuwa na bustani ya nyasi. Mbwa hujifunza mahali pa kukojoa kwa nyayo zake: miaka miwili Stella amejua kwamba choo ni kitu laini, chenye nyuzinyuzi, kinachonyonya. Kwako amekuta uwanja wa mchanga mtupu. Kitu pekee kinachofanana na nyasi ni huo mkeka wa ukindu. Anafanya alichofundishwa, mwanangu. Mwambie mume wako huyo, kwa heshima zote, kwamba akimchapa Stella atajifunza kumwogopa yeye na kukojoa mafichoni. Pua haina habari ya kosa lililopita.

Mwombe bawabu wa nyumba ile ya zamani akukatie pande la nyasi pamoja na udongo wake, la upana wa sinia. Liweke pembe moja ya ua. Mpeleke hapo kwa kamba anapoamka tu, kila baada ya kula, saa nne usiku, na kwa wiki ya kwanza hata saa tisa usiku. Simama kimya. Akikojoa, msifu palepale na umpe kipande cha dagaa kabla hajapiga hatua. Baada ya siku kadhaa punguza nyasi kidogo kidogo, mchanga uchukue nafasi yake.

Mkeka wenyewe uoshe kwa maji na siki, si kwa Jik, ambayo ikikutana na mkojo hutoa mvuke unaochoma kifua. Uanike juani siku nzima, na kwa wiki mbili uutundike ukutani. Stella alale karibu nawe, juu ya leso yako uliyokwisha kuivaa.