Kibana ekseleta kwenye pikipiki si kruzi kontroli

Umeuliza kama kibana ekseleta cha pikipiki kinafanya kazi ya kruzi kontroli, yaani mfumo unaoshika spidi wenyewe. Hapana, mkuu, hakifanyi. Kinabana tu mkono wa ekseleta kwa msuguano usirudi, yaani kinashika kiasi cha mafuta ulichovuta, hakishiki spidi. Ukiwa na spidi ya 90 kwenye tambarare, mlima ukianza spidi itashuka, na mteremko ukija pikipiki inakimbia zaidi bila wewe kuvuta kitu. Kruzi yenyewe inasoma spidi na kuongeza au kupunguza mafuta, na ukigusa breki au klachi inajizima. Hiki hakijui umeshika breki. Ukibana klachi ghafla injini inapiga kelele palepale, kwa sababu mafuta bado yamefunguliwa.

Pikipiki nyingi za BMW za zamani, zile za injini ya kupozwa kwa upepo, zilitoka kiwandani na skrubu ya kazi hiyohiyo chini ya mkono wa ekseleta. Mimi nakitumia safari ndefu kupumzisha kifundo cha mkono, nanyoosha vidole kidogo kisha narudisha mkono. Kwa hilo ni kizuri sana.

Ila kikaze kiasi ambacho bado unaweza kufunga mafuta kwa mkono mmoja bila kutumia nguvu. Kijaribu kwanza injini ikiwa imezimwa, huku ukikata usukani kulia na kushoto hadi mwisho. Mjini, kwenye mvua au kwenye kokoto kiachie kabisa: hapo unataka ekseleta irudi yenyewe mara tu unapoiachia.