Msitu wa Magamba ndani ya chumba cha mgonjwa Ilala

Kama unamuuguza mtu asiyeweza kutoka nje, anza na sauti kabla ya picha. Huo ndio ushauri ninaoutanguliza kwa kila anayeniuliza tuliishije na mama baada ya kiharusi. Yeye ni mzaliwa wa Lushoto, amekulia kwenye baridi na ukungu wa milima ya Usambara. Ugonjwa ukamlaza kwangu Ilala, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, na kukipambazuka unaamshwa na kunguru na honi za bodaboda.

Ukuta huo si jambo dogo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema kuliko wenzao, tena walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache. Mimi ukuta wa jirani siwezi kuuvunja. Nilichokuwa nacho ni simu, spika ndogo na televisheni ya sebuleni.

Nasema sauti kwanza kwa sababu mtu aliyepata kiharusi huchoka upesi, na kutazama kioo cha simu au TV ni kazi. Kusikiliza hakumdai kitu. Mwaka 2021 watafiti waliokusanya tafiti nyingi kuhusu sauti za asili walikuta kwamba sauti za maji ndizo zinazochangamsha moyo zaidi, na za ndege ndizo zinazopunguza zaidi msongo na kero. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya mazoezi ya viungo, nilimwekea ndege; jioni nikamwekea maji. Spika iwe mbali kidogo na kitanda na sauti iwe ya chini kiasi kwamba mnaweza kuongea bila kuizima. Pakua mapema, kisha zima data. Tangazo la mkopo likipasuka katikati ya sauti ya kijito linamshtua mgonjwa, na bando nalo linakwisha bure.

Lakini ndege wa wapi? Hapa nina msimamo. Mitandaoni zimejaa video za maziwa ya Uswisi na misonobari ya Kanada, nzuri kweli. Mama alizitazama kwa adabu, kama mtu anayefunguliwa albamu ya harusi ya watu asiowajua. Kisha binamu yangu akatutumia video aliyorekodi pembezoni mwa msitu wa Magamba, huko Lushoto: kijito, migomba, ukungu unapanda, na hondohondo anapiga kelele juu bila kuonekana. Mama aliunyanyua mkono ulio mzima, akaelekeza kidole.

"Maji yameongezeka," alisema, neno moja moja. "Kwetu mvua imenyesha."

Tangu kiharusi nilikuwa sijamsikia akisema jambo refu hivyo bila kuulizwa. Akaendelea na Kisambaa, nusu sikuielewa, kuhusu njia waliyopita kwenda kuchota maji na shangazi zake. Sidai kwamba video ilimrudishia ulimi. Mazoezi yalifanya kazi hiyo. Ila ilimpa cha kusema, na kwangu hilo ni kubwa.

Basi omba ndugu aliyeko nyumbani akurekodie. Aiweke simu juu ya jiwe aiache itulie, asitembee nayo, kwa maana picha inayoyumba huleta kizunguzungu. Aiweke kwenye hali ya ndege (airplane mode) isiingiliwe na simu, na yeye mwenyewe anyamaze. Kwenye WhatsApp aitume kama faili, si kama video ya kawaida, ili picha isipungue ubora. Dakika 10 zinatosha.

Jiandae pia kwa machozi. Mandhari ya nyumbani huamsha furaha, na pia huamsha makaburi na watu waliokwenda. Mama alilia siku moja alipoona shamba la marehemu babu. Usikimbilie kuzima. Kaa naye, muulize kama anataka kuendelea, na jibu lake liheshimu. Usimwashie mgonjwa video ukaondoka kwenda kufua. Tena nawe unayeuguza unaihitaji hiyo nafasi ya kukaa kimya. Mabega yangu yalikuwa yakilegea pale pale kitandani kwake.

Miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho ukajiona kama uko ndani ya mandhari, sikuinunua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter wa mwaka 2020 uliwaonyesha watu matumbawe ya baharini, wengine kwa miwani hiyo na wengine kwa TV ya kawaida, na huzuni na uchoshi vilipungua kote. Miwani yenye mandhari ya kompyuta yanayomwitikia mtazamaji ilizidi katika kuleta furaha, ndiyo, lakini miwani huleta kichefuchefu kwa baadhi ya watu, na mwenye kifafa asiivae bila kumwuliza daktari.

Ila usikiamini mno kioo. Mwaka 2008 Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwatia watu msongo mdogo, kisha wakapima mapigo ya moyo. Waliokaa mbele ya dirisha halisi lenye miti mapigo yao yalitulia haraka zaidi. Waliotazama mandhari yale yale kwenye skrini hawakutofautiana na waliotazama ukuta mtupu. Kwa hiyo kama una kibaraza, hata chembamba, mtoe mgonjwa hapo kwanza. Sisi tuliweka ndoo za mchaichai na mrehani mlangoni, avunje jani anuse. Alipoweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu tulimpeleka Bustani ya Mimea, karibu na Makumbusho ya Taifa, na TV ikapungua yenyewe.

Jambo la mwisho, nalisisitiza: mgonjwa akikaa wiki mbili hana hamu ya chakula, halali, hataki watu, mwambie daktari wake. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kiharusi hutokea sana na ina matibabu. Usimwongezee video.